Kwa Nini Wanyonya Damu Wanamwogopa Juda

Mwaka 2017 kituo cha HOT cha Israel kilianza kuonesha tamthilia ya vipindi vinane iitwayo Juda. Aliyeibuni na kumwigiza mhusika mkuu ni Zion Baruch. Aliyeiongoza ni Meni Yaish. Baadaye ilifika Marekani kupitia Hulu, huduma ya kutazama tamthilia mtandaoni. Mhusika wake si mtu wa kupigiwa mfano. Juda Ben Haim ni mcheza kamari na mhalifu wa ngazi ya chini, na akiwa Romania katika shughuli zake hizo anang'atwa na mwanamke ambaye ni mnyonya damu.

Kwa kawaida hadithi za namna hii humhurumia aliyeng'atwa. Hapa wanaotaharuki ni wanyonya damu wenyewe. Kwao upo mwiko wa kale kwamba damu ya Myahudi haiguswi. Myahudi aking'atwa hawi mmoja wao tu. Anageuka kiumbe mwenye nguvu kuwazidi wote, na anaweza kuwateketeza. Kwa hiyo mwanamke yule amevunja sheria kuu ya jamii yake, na jamii nzima inaanza kumsaka mcheza kamari mmoja ambaye hata haelewi kilichompata.

Kichekesho hiki kinacheza na kifo, na kinachekesha kweli. Lakini naamini uzito wake hauonekani mpaka ukumbuke kwamba kwa zaidi ya miaka 800 Ulaya ilisimulia hadithi hiyohiyo kwa upande wa pili, Myahudi akiwa ndiye anayetafuta damu ya watu.

Ilianzia Norwich, Uingereza, mwaka 1144. Mvulana aitwaye William, aliyekuwa akijifunza kazi ya ngozi, alikutwa amekufa msituni nje ya mji. Miaka michache baadaye mtawa Thomas wa Monmouth aliandika kitabu kizima akidai kwamba Wayahudi wa mji ule walimtesa na kumwua kwa sababu za kidini. Suala la damu lilijitokeza waziwazi huko Fulda, Ujerumani, mwaka 1235: Wayahudi walituhumiwa kuwaua watoto ili wachukue damu yao, na 34 kati yao wakauawa. Kaisari Frederick wa Pili aliamua kulichunguza jambo hilo. Akawaita Wayahudi waliobatizwa, watu walioijua dini yao ya zamani kwa ndani na wasio na sababu ya kuitetea, akawauliza. Jibu lilikuwa wazi: watu waliokatazwa hata damu ya mnyama hawawezi kuwa na kiu ya damu ya binadamu. Mwaka 1236 Kaisari aliwatangaza Wayahudi kuwa hawana hatia. Papa Innocent wa Nne naye akaipinga tuhuma hiyo mwaka 1247.

Haikusaidia. Huko Trento mwaka 1475 mtoto mdogo aitwaye Simon alikutwa amekufa, Wayahudi wa mji wakateswa mpaka wakakiri, wakauawa, na mtoto yule akaheshimiwa kama mtakatifu mpaka Kanisa lilipoifuta ibada yake mwaka 1965. Huko Damascus mwaka 1840 kutoweka kwa mtawa mmoja wa Kikapuchini kuliibua tuhuma zilezile. Kishinev mwaka 1903, uvumi kuhusu kifo cha mvulana mmoja ulichochea mauaji ya Wayahudi 49. Kiev mwaka 1911 alikamatwa Mendel Beilis, msimamizi katika kiwanda cha matofali, akakaa gerezani zaidi ya miaka miwili kabla ya kuachiwa huru mwaka 1913. Na Kielce, Poland, mwezi Julai 1946, vita vikiwa vimekwisha na kambi za mauaji zikiwa zimefunguliwa mbele ya macho ya dunia, mtoto mmoja alisema amefungiwa na Wayahudi kwenye chumba cha chini. Nyumba ile haikuwa na chumba cha chini. Wayahudi 42 waliuawa, wengi wao wakiwa wamenusurika mauaji ya Wanazi mwaka mmoja tu uliotangulia.

Kuna jambo moja dogo katika historia hii ambalo halinitoki. Usiku wa Pasaka ya Kiyahudi kila mtu mezani hunywa vikombe vinne vya divai, na kwa jadi divai nyekundu ndiyo inayopendelewa. Katika karne ya 17 Rabi David ha-Levi Segal, mmoja wa wanasheria wakubwa wa Wayahudi wa Poland, aliandika kwamba watu wa nchi zake wameacha kutumia divai nyekundu kwa sababu ya tuhuma za uongo. Fikiria maana yake ndani ya nyumba. Mama anaandaa karamu ya kukumbuka kutoka utumwani, na inambidi aangalie rangi ya kinywaji kilichomo kikombeni, kwa kuwa jirani akichungulia dirishani anaweza kuona damu. Hofu ilikuwa imeingia mpaka kwenye kanuni za ibada.

Sasa mweke Juda mbele ya historia hiyo. Tamthilia inachukua tuhuma na kuigeuza kichwa chini miguu juu: wenye kiu ni wengine, na damu inayoogopwa ni ya Myahudi. Kwa mtazamaji anayejua mambo ya Fulda na Kielce, mnyonya damu mwenye meno marefu akirudi nyuma kwa hofu mbele ya Myahudi mmoja mwenye madeni, kicheko hicho kinabeba mengi.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kufundishwa hofu ya wanyonya damu. Enzi za ukoloni, Nairobi, Kampala na Dar es Salaam zilijaa minong'ono kuhusu mumiani na wazimamoto, watu waliodaiwa kukamata wapita njia usiku na kuwatoa damu kwa faida ya wazungu. Mwanahistoria Luise White aliyakusanya masimulizi hayo katika kitabu chake cha mwaka 2000. Tofauti iliyopo inafundisha sana. Uvumi wetu ulielekezwa juu, kwa dola na watumishi wake wenye sare na magari. Ulimdhuru wakati mwingine mtu asiye na kosa, hilo halifichiki, lakini ulikuwa pia lugha ya wanyonge kusema kwamba wananyonywa. Uvumi wa Ulaya ulielekezwa chini, kwa jamii ndogo isiyo na jeshi wala mahakama zake. Hofu ni ileile, ila mmoja alimnong'ona bwana na mwingine alimkaba jirani.

Filamu nazo zilirithi sumu hiyo. Katika Nosferatu ya F. W. Murnau, ya mwaka 1922, mnyonya damu anatoka mashariki ya Ulaya, ana pua iliyopinda na vidole kama makucha, na anaingia mji wa Kijerumani kwa meli iliyojaa panya na tauni. Wachambuzi wamebishana kwa miaka mingi kama Murnau alikusudia picha ya Myahudi. Mmoja wa waigizaji wake wakuu, Alexander Granach, alikuwa Myahudi mwenyewe. Ila mwaka 1940 Wanazi walitoa filamu yao ya propaganda iliyoweka panya na Wayahudi pamoja bila kuficha kitu, na kila aliyeitazama alikwisha kufundishwa kuisoma picha ile. Mwaka 1967 Roman Polanski, aliyenusurika geto la Kraków, mtaa ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi, akiwa mtoto na ambaye mama yake aliuawa katika kambi ya Auschwitz, alitengeneza kichekesho cha wanyonya damu chenye mwenye nyumba ya wageni Myahudi aitwaye Shagal. Shagal anageuka mnyonya damu, msichana anamwinulia msalaba, naye anacheka na kumwambia kwamba amekosea mnyonya damu. Utani huo wa sekunde chache ndio mbegu ya Juda. Msalaba, maji ya baraka, kanisa: silaha zote za hadithi hizi zilitengenezwa na Wakristo kwa ajili ya pepo wa Kikristo. Myahudi akiingia humo, kanuni zote zinayumba.

Kwa nini Romania? Dracula, mnyonya damu maarufu wa hadithi ambaye kwao ni huko, ni sehemu tu ya jibu. Sheria ya Israel inakataza kasino, kwa hiyo mcheza kamari wa huko hupanda ndege, na Bucharest iko chini ya saa tatu kutoka Tel Aviv. Tangu utawala wa kikomunisti uanguke, kasino za mji ule zimekuwa zikipokea Waisraeli wengi sana. Safari ya Juda basi haina ushairi wowote. Ni njia inayojulikana na kila dereva wa teksi.

Ila njia hiyo inapita juu ya makaburi. Mwishoni mwa Juni 1941, katika mji wa Iași, askari, polisi na raia wa Romania waliwaua Wayahudi zaidi ya 13,000 kwa siku chache, maelfu yao wakiwa wamefungiwa kwenye mabehewa ya mizigo yaliyozungushwa juani bila maji mpaka watu wakafa kwa kiu na kukosa hewa. Tume iliyoongozwa na mwandishi Elie Wiesel, mzaliwa wa Sighet katika Romania hiyohiyo, ilitoa ripoti mwaka 2004 kwamba kati ya Wayahudi 280,000 na 380,000 waliangamia chini ya mamlaka ya Romania. Kisha ukaja ukomunisti, na serikali ya mtawala wake Ceaușescu ikawa inapokea fedha za kigeni kwa kila Myahudi iliyemruhusu kuhamia Israel. Nchi ilikuwa imewaua, kisha ikawauza waliobaki. Hata pale tamthilia isipotaja lolote kati ya haya, watazamaji wengi wa Israel wana bibi au babu aliyetoka huko. Mjukuu anarudi kwa hiari yake, mfukoni ana fedha za kamari, na anang'atwa. Hapo ndipo Baruch anaposhika mshipa wenyewe: anaiweka historia kubwa kabisa mabegani mwa mtu asiyejali historia.

Nije kwenye sehemu ambayo kwangu ndiyo tajiri kuliko zote. Myahudi akiwa mnyonya damu, sheria inasema nini?

Sura ya 17 ya Mambo ya Walawi inasema uhai wa mwili umo ndani ya damu, na kwa hiyo damu isiliwe. Katazo hilo halikubaki kwenye kitabu. Ingia jiko la familia inayoshika dini: nyama iliyochinjwa kwa utaratibu huloweshwa majini nusu saa, ikapakwa chumvi kila upande na kuachwa saa nzima juu ya ubao ulioinama ili damu itiririke, kisha ikasuuzwa vizuri. Ini halitoshelezwi na chumvi kwa kuwa limejaa damu, huchomwa motoni. Yai hupasuliwa kwanza kwenye bakuli la pembeni, na likionekana na doa jekundu hutupwa. Watu hawa ndio walioshtakiwa kuchanganya damu ya watoto na mkate wa Pasaka.

Talmudi, mkusanyo wa kale wa mijadala ya marabi kuhusu sheria, imefika mbali zaidi, mpaka kwenye fizi. Ukiuma mkate ukaacha doa la damu yako mwenyewe, likwangue ndipo ule. Damu ikibaki kati ya meno, waweza kuimeza bila wasiwasi. Marabi walieleza kwamba damu ya binadamu haikukatazwa na Torati yenyewe kama ile ya mnyama. Waliikataza wao, ikishatoka mwilini, kwa sababu ya jinsi inavyoonekana. Soma hilo tena ukimfikiria Juda. Mabishano ya zamani ya wanazuoni, yaliyoonekana kama ya vijana wa chuo waliokosa kazi, ghafla yanakuwa suala la kufa na kupona kwa mtu mwenye meno yaliyorefuka.

Halafu ipo kanuni kwamba kuokoa uhai hutangua karibu kila amri. Mgonjwa hula siku ya kufunga, daktari huendesha gari siku ya Sabato. Kama mnyonya damu asipokunywa atakufa, basi katazo la damu linaweza kuwekwa kando. Ila amri tatu hazitanguliwi hata kwa kifo: kuabudu sanamu, uzinzi wa aina zilizoharamishwa, na kuua. Talmudi inasimulia kuhusu mtu aliyemwendea mwanazuoni Rava, aliyeishi Babeli katika karne ya nne, akamwambia kwamba mkubwa wa mji wake amemwamuru amuue fulani, la sivyo yeye atauawa. Rava akamjibu: uuawe, wala usiue, nani amekwambia kwamba damu yako ni nyekundu zaidi? Pengine damu ya yule ndiyo nyekundu zaidi.

Sijui sentensi inayofaa hadithi ya mnyonya damu kuliko hiyo. Mnyonya damu ni kiumbe ambaye kila usiku anaamua kwamba damu yake ni nyekundu zaidi ya ya mwenzake. Myahudi aliyegeuzwa kuwa kiumbe huyo anabeba mwilini njaa ambayo dini yake ilishaijibu miaka 1,600 iliyopita. Kila mara Juda inapomgonganisha mtu huyu wa mtaani na sheria asiyoijua vizuri, lakini ambayo hawezi kuikimbia, tamthilia inang'ara. Kicheko kinatoka pale mtu aliyevunja karibu kila amri anapogundua kwamba bado ni wa watu hao, na kwamba mambo aliyoyaacha utotoni yanamdai.

Lakini kisa hiki kina ufa, na nauona hauwezi kupuuzwa. Mwiko wa wanyonya damu umejengwa juu ya imani kwamba damu ya Myahudi ni tofauti kwa asili. Juda hakufanya lolote kustahili nguvu zake, alizaliwa nazo. Na fikra hiyo ina ukoo mbaya. Mji wa Toledo mwaka 1449 ulitoa amri ya kuwazuia Wakristo wenye asili ya Kiyahudi wasishike vyeo, kwa hoja kwamba ubatizo hausafishi damu. Nuremberg mwaka 1935 Wanazi waliandika sheria ya kulinda damu ya Kijerumani, wakahesabu mababu wa kila mtu. Kuisifu damu badala ya kuilaani hakuiondoi hoja mahali pake. Dini yenyewe haikubaliani nayo: mtu huzaliwa Myahudi kwa mama Myahudi, ni kweli, lakini pia mgeni akiishika Torati huingia na kuwa wa ndani kabisa. Ruthu alikuwa Mmoabu, na ndiye bibi yake Yese, baba wa Mfalme Daudi. Angeng'atwa Ruthu, mwiko wa wanyonya damu ungesema nini? Tamthilia haina jibu la swali hilo, kwa sababu imechagua damu.

Mlinganishe Juda na golemu wa Prague. Katika masimulizi yaliyoenezwa na kitabu cha Yudl Rosenberg mwaka 1909, Rabi Loew wa mji huo anafinyanga mtu wa udongo ili awalinde Wayahudi dhidi ya tuhuma za damu zilezile nilizozitaja. Golemu naye ni ndoto ya nguvu iliyootwa na wanyonge. Lakini nguvu yake inatoka kwenye herufi za jina takatifu, yaani kwenye elimu na ibada, na rabi anaweza kuizima siku yoyote. Nguvu ya Juda imo mishipani, haina wa kuizima. Mwaka 1898, kwenye mkutano wa pili wa Wazayuni, watu waliotaka Wayahudi wawe na nchi yao, huko Basel, Max Nordau alitaka Myahudi mpya mwenye misuli. Juda ni mjukuu wa hotuba hiyo zaidi kuliko wa Rabi Loew, na ametungwa katika nchi yenye jeshi, polisi na magereza yake. Ndoto ya nguvu isiyo na kizuizi ilikuwa faraja kwa aliyefungiwa geto. Kwa mwenye dola ndoto hiyohiyo inahitaji kuulizwa maswali makali, na humo tamthilia inapita haraka mno.

Kinachoiokoa ni jicho la Meni Yaish. Filamu yake ya mwaka 2012, God's Neighbors, kuhusu vijana wa mji wa Bat Yam, Israel, wafuasi wa Rabi Nachman wa Breslov, iliyooneshwa katika Wiki ya Wahakiki kule Cannes, ilihusu wavulana wanaosali kwa machozi na kisha kutoka na marungu kuwapiga wanaovunja Sabato mtaani kwao. Aliwapenda bila kuwatetea. Alionesha jinsi utamu wa kupiga unavyoweza kujivika vazi la dini, na jinsi kijana mmoja anavyoanza kuuona utamu huo kwa jina lake halisi. Jicho lile limo pia katika Juda: hata nguvu zikimjaa, mwendo wa mhusika, maneno yake, tamaa yake ya fedha vinabaki vya mtu mdogo, na kamera haimgeuzi sanamu ya shujaa.

Kwa hiyo ningemshauri anayetaka kuitazama Juda aanze na filamu ile ya Bat Yam. Hapo utamjua mtu anayesimuliwa kabla hajapewa meno, na utaweza kupima kila kipindi kwa swali la Rava. Vipindi vinavyolikabili swali hilo vitakuchekesha na kukuacha na la kufikiri. Vile vinavyolikwepa kwa mapigano na damu kuruka ukutani, nakubali ni vya kusisimua, lakini hivyo unaweza kuvipata katika tamthilia yoyote ya wanyonya damu.